Kitulo kwa mara ya kwanza: njoo na gambuti, njoo na mvua

Mimi ni kiongozi wa matembezi, na simu nyingi ninazopigiwa kuhusu Hifadhi ya Kitulo huanza na swali moja: "Mvua zinaisha lini huko, ili tuje?" Nami hujibu kwamba zikishaisha, msije. Wengine hucheka, wengine hudhani nakimbia kazi. Lakini mtu anayetaka kuona maua halafu anaogopa mvua ni sawa na anayetaka dagaa halafu anaogopa ziwa.

Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba karibu 413, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wameipa jina la Serengeti ya Maua, jina ambalo mimi silipendi sana, kwa sababu linamfanya mgeni ashuke garini na darubini akitafuta kitu kinachokimbia. Hapa hakuna simba wala tembo wa kumsubiri. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi zinazoota ardhini, na nyingi hazikufiki magotini.

Kwa nini mvua? Juni hadi Agosti huku ni baridi na ukungu, na usiku mwingine asubuhi yake nyasi zimepigwa na jalidi, nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Mmea laini hauwezi kukaa juu ya ardhi wakati huo. Kwa hiyo unajiondokea: majani yanakauka, chakula kinahifadhiwa chini kwenye kiazi au kitunguu, na juu panabaki nyasi tupu. Mvua zikianza Novemba, udongo ule mweusi wa volkano unaloa na kila aina inatoka kwa zamu yake. Maua hukolea Desemba hadi Aprili, lakini siyo yale yale. Anayekuja Desemba na anayekuja Machi wakikutana Mbeya kusimuliana, utadhani hawakwenda sehemu moja. Mimi nikiulizwa mwezi, nasema Februari. Septemba hadi Novemba jua linawaka, njia imekauka na miguu haichoki, na kama shida yako ni matembezi tu, basi njoo. Ila usinidai okidi.

Wengi hupandia Chimala, kwenye barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya. Pale unaiacha lami na kuukwea ukingo wa mlima kwa njia inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ndiyo idadi ya kona zake. Wageni huzihesabu kwa sauti hadi kama ishirini, kisha gari zima linanyamaza. Kama tumbo lako halielewani na kona, kaa mbele na usile chapati za Chimala kabla ya kupanda. Ukifika Matamba, baridi inakupokea, watu wanakusalimu "kamwene", na viazi mviringo viko kila mahali.

Sasa matembezi yenyewe. Anayeanza simpeleki mlima Mtorwi, wenye mita 2,961, siku ya kwanza. Tunatembea uwandani, kwenye miinuko midogo na vijibonde vyenye vijito, kilomita saba au nane tu. Tunaanza saa mbili asubuhi, maana mchana ukungu hushuka ghafla na ndani ya dakika kumi mwenzako aliye hatua thelathini mbele anakuwa kivuli. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutotembea bila kiongozi. Huku kila kilima kinafanana na ndugu yake, na ukiupoteza mwelekeo hakuna mti wa kukukumbusha ulikotoka.

Kupumua kutakusumbua kidogo. Aliyetoka Dar jana atashangaa kilima cha mita hamsini kinamhemesha. Si ugonjwa, ni hewa nyepesi. Kipimo changu ni kimoja: kama huwezi kutembea huku unaongea, unakwenda mbio.

Na mbio ndizo zilizowahi kunitia aibu. Miaka ya mwanzo nilikuwa najivunia kuzungusha kundi upesi. Siku moja mama mmoja wa makamo alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Nikamwita, haji. Nikarudi na kumkuta bado kapiga magoti, kamba ameshaisahau. "Kijana, hiki ni nini?" Mbele yake kulikuwa na okidi ya kijani, kijani kama nyasi zilizoizunguka, vipetali vyake vyembamba kama miguu ya panzi. Njia ile nilikuwa nimeipita zaidi ya mara mia. Sikuwahi kuiona.

Tangu siku hiyo nina somo ninalolitoa kabla hatujafika mbali. Tukipata okidi ya kwanza, kila mtu anapiga magoti (ndiyo maana nasisitiza suruali isiyokuonea huruma) na kuangalia mgongo wa ua, siyo uso. Tunahesabu mikia. Okidi nyingi zina mkia mwembamba ulio wazi ndani, wenye maji matamu ya kumvutia mdudu. Ikiwa na mikia miwili inayoning'inia nyuma, hiyo ni Satyrium. Ikiwa na mmoja, na umechomoza kwenye ile kofia ya juu ya ua, ni Disa. Ikiwa ni mmoja lakini unatokea kwenye mdomo, ile petali ya chini isiyofanana na nyingine, na kuning'inia, mara nyingi mrefu kuliko ua lenyewe, kuna uwezekano mkubwa ni Habenaria, kama yule wa kijani wa mama. Satyrium ina kichekesho chake. Okidi nyingi, chipukizi likikaribia kuchanua, hujipinda nusu mzunguko ili mdomo uje chini. Satyrium haijisumbui, na ndiyo maana mdomo wake umebaki juu na kugeuka kofia. Mtoto wa darasa la nne aliwahi kulishika somo hili kuliko baba yake, akawa anamsahihisha njia nzima.

Usichume. Usichimbe kabisa. Okidi hizi zina viazi viwili chini: cha zamani kilichonyauka, kinacholisha ua unaloliona, na kipya kilichojaa, ambacho ndicho ua la mwakani. Mchimbaji anakitaka hicho kipya. Viazi hivyo huvushwa Tunduma hadi Zambia, vinatwangwa na kupikwa na karanga, magadi na pilipili mpaka vigandamane, chakula kiitwacho chikanda. Ni kitamu, sitasema uongo. Lakini hesabu yake ni mbaya: anayekichimba leo anakula na ua la mwakani, na kwa mamilioni ya viazi yanayovuka mpaka kila mwaka, nimeona vilima nje ya hifadhi ambako sasa hata kumfundishia mgeni mikia hakuna.

Kuhusu mavazi sina mengi. Gambuti ni bora kuliko viatu vya bei mbaya, kwa sababu vijibonde vya huku ni tope lililofunikwa na nyasi. Raba nyeupe ziache hotelini. Koti la mvua, sweta, soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni, na kofia, maana jua la mwinuko huu linaunguza hata kukiwa na baridi. Chakula cha njiani mimi hubeba viazi vya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi.

Inua macho pia, mara mojamoja. Msimu wa mvua mbayuwayu wa bluu huja kuzaliana huku, na anapita chinichini juu ya nyasi kama amerushwa. Tandawala naye, ndege mkubwa wa nyasini, hutembea taratibu kwa mbali, kifua mbele, kama diwani anayekagua barabara.

Ukiimaliza siku hiyo na magoti bado yanakutii, kesho yake tunaweza kuteremka Bonde la Numbi, lenye msitu na maporomoko. Njia ya kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tuiweke safari ya pili. Ile kushuka kwake tu hula kucha za vidole vya miguu.