Je, wajua treni hujuaje kwamba kuna nyingine mbele yake?

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mkubwa. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mzito bila taabu, na ndiyo maana pia haisimami upesi: treni ya mwendokasi ikifunga breki za dharura, huenda kilomita kadhaa kabla ya kutulia. Dereva akingoja mpaka aione treni ya mbele kwa macho, ameshachelewa.

Suluhisho ambalo bado linatumika lilibuniwa mwaka 1872 na Mmarekani William Robinson. Njia hugawanywa vipande. Mwanzoni mwa kipande, umeme mdogo hupitishwa kwenye reli zote mbili. Mwishoni kuna swichi ya sumaku. Umeme ukifika, sumaku huinua swichi na kuishikilia, taa ikawa ya kijani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha reli hizo mbili, umeme ukapita humo na kurudi ulikotoka. Sumaku hulegea, swichi huanguka kwa uzito wake, na taa huwa nyekundu.

Uzuri wake hasa uko hapa: waya ukikatika, betri ikiisha, hata reli ikivunjika, swichi huanguka vilevile. Mtambo haungoji kuambiwa kwamba kuna hatari. Ukikosa habari tu, husimamisha treni. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa mawazo bora kabisa katika uhandisi wote.

Lakini taa nyekundu haifungi breki. Japani ilipozindua Shinkansen, treni yake ya mwendokasi, mwaka 1964, kwa kilomita 210 kwa saa, dereva asingeweza kutegemea kusoma taa za kando ya njia. Kasi inayoruhusiwa ikawa inatumwa kupitia reli hadi ndani ya chumba chake, na akiizidi, breki hujifunga zenyewe. Mwaka 1968, kwenye njia ya Victoria, reli ya chini ya ardhi jijini London, mhudumu alifunga milango, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na treni ikajiendesha hadi kituo kinachofuata.

Je, mtambo huu hauwezi kukosea? Umewahi. Tarehe 22 Juni 2009, jijini Washington, mawimbi ya umeme yaliyopotoka yalikifikia kipokezi na kusomeka kana kwamba njia ni tupu, ilhali treni ilikuwa imesimama papo hapo. Nyingine iliyokuwa ikijiendesha iliigonga. Watu 9 walikufa, dereva akiwa mmojawapo. Habari haikukosekana, ilikuwa ya uongo, na uongo wa namna hiyo ni mgumu zaidi kuugundua.

Siku hizi njia nyingi za mijini hutumia redio. Treni hutangaza mahali ilipo tena na tena, na kompyuta huipa ya nyuma yake ruhusa ya kwenda hadi umbali salama tu, kwa hiyo treni hufuatana kwa karibu zaidi. Kanuni ya Robinson haijaachwa: mawasiliano yakikatika kwa sekunde chache, ruhusa hufutika na breki hufungwa, hata kama mbele hakuna kitu.