Hoja potofu ni nini? Mfano wa miguu ya Wakalenjin

Hoja potofu ni hoja ambayo hitimisho lake halibebwi na mambo yaliyotajwa kuliunga mkono. Mambo hayo yenyewe yanaweza kuwa kweli tupu, na ndiyo maana hoja ya namna hii hupita bila kukaguliwa.

Mfano husikika karibu kila Mkenya anapotwaa marathoni: Wakalenjin, jamii ya Bonde la Ufa nchini Kenya, wana mashavu ya miguu membamba, Wakalenjin ndio washindi, basi ushindi wao unatoka miguuni.

Habari ya miguu si porojo. Watafiti wa Denmark waliwalinganisha vijana wa Nandi, eneo la Wakalenjin, na vijana wa kwao Denmark, wakakuta wa Nandi wana miguu myepesi zaidi chini ya goti. Na mkimbiaji hutumia nguvu nyingi zaidi kuubeba uzito ulio karibu na kifundo kuliko uzito uleule ukiwa kiunoni. Tatizo liko kwenye hiyo "basi".

Ili mguu mwembamba uwe ndio sababu, hatuna budi kuwatazama pia wenye miguu hiyo ambao hawajashinda chochote. Nandi na Elgeyo-Marakwet wamejaa: wakulima wa chai, walimu, makondakta wa matatu. Ukienda Iten, mji wa kambi za wakimbiaji, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ukawapima walioko kambini, umepima watu waliokwisha kuchujwa na makocha, mazoezi na majeraha. Sifa yoyote utakayoikuta kwao itaonekana kuwa siri ya ushindi, hata kupenda ugali.

Hapo mbishi humtaja Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015 mjini Beijing kwa mita 92.72. Ni jibu zuri kwa anayedai kwamba kila Mkalenjin kaumbiwa mbio. Lakini kwa anayesema "kwa wastani", Yego hathibitishi wala hakanushi kitu. Muggsy Bogues naye, mwenye urefu wa sentimita 160, alicheza misimu 14 katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na bado urefu una faida kubwa kwenye mchezo huo. Kwa hiyo anayemtoa Yego kama pigo la mwisho naye ameteleza, ila kwa upande wa pili.

Inayoniudhi zaidi ni hoja ya mzunguko: wanashinda kwa sababu wana kipaji cha damu. Tumejuaje kwamba wanacho? Kwa sababu wanashinda. Hakuna matokeo yoyote uwanjani yanayoweza kuipinga, maana wakishindwa utaambiwa hao hawakuwa na kipaji. Wafini nao walitafutiwa sababu katika asili yao, enzi ambazo mkimbiaji wao Paavo Nurmi alikusanya dhahabu 9 za Olimpiki kati ya 1920 na 1928. Leo Finland haitawali tena mbio ndefu, na sijasikia mtu akidai kwamba damu ya Wafini imebadilika katika vizazi hivyo vichache.