Kinga ikipigana na virusi, nani analinda mapafu?

Siku ya saba ya ugonjwa kama Uviko-19, virusi vimeanza kupungua, mbona mgonjwa ndiyo kwanza anazidiwa?

Kwa sababu si madhara yote yanatoka kwa virusi. Seli T za kuua, askari wa kinga, hutafuta seli zilizoingiliwa na virusi na kuzitoboa. Ukuta wa kifuko cha hewa ndani ya mapafu ni mwembamba mno. Ukitobolewa mahali pengi, majimaji ya damu huvujia ndani na oksijeni haipiti. Hata vipele vya surua ni kazi ya kinga: mtoto aliyedhoofishwa sana na VVU anaweza kuugua surua bila vipele, na hiyo si nafuu kwake.

Nani anazituliza seli hizo za kuua?

Seli T dhibiti, kundi jingine la seli za kinga, ambazo waliozifafanua walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Hunyonya interlukini-2, chakula cha seli za kuua, na kutoa interlukini-10 inayopoza uvimbe. Tena ni mafundi: hutoa amfiregulini, protini inayoamsha seli za mapafu zijijenge upya. Utafiti wa mwaka 2015 uliwanyima panya wenye mafua amfiregulini ya seli hizi tu. Virusi havikuongezeka, lakini mapafu yaliharibika zaidi. Kumbe kuua virusi na kuokoa nyama ya mwili ni kazi mbili.

Basi nikinunua dexa (deksamethasoni, dawa ya kupoza uvimbe) Birere, Goma, mapema, si nitakuwa nimezisaidia?

Hapana. Dexa haichagui, inafunga breki kwa kinga nzima wakati virusi bado vinazaana. Kwa Uviko-19, miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, ziliokoa baadhi ya wagonjwa waliokuwa kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Tena hupandisha sukari, na mwenye minyoo ya strongiloidi, ambayo huku kwetu haikosi, inaweza kutapakaa mwili mzima na kumuua.

Nitajuaje mapafu ya mtoto yanazidiwa?

Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha nguo, washa saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha unaweza kukosea. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Chini ya mbavu pakiingia ndani kila anapovuta pumzi, acha kuhesabu, mpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku.