Kabla hujapaua nyumba Mikindani, ulizia vidonge vyako

Ndugu zetu wanaopanga kutoka Uingereza, Oman au Marekani kuja kustaafu huku Mtwara na Lindi huniuliza kwanza bei ya viwanja, maji na umeme. Swali la vidonge vya sonona au vya usingizi huja mwishoni, tena kwa kunong'ona. Mimi ni mfamasia. Ningependa tuanze na hilo.

Hospitali za kuanzia ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na ipo ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Mambo yakiwa mazito, ni Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Piga simu uulize siku za kliniki ya afya ya akili na kama daktari bingwa yupo. Ukipokelewa na muuguzi wa afya ya akili usinune. Wengi wao wana uzoefu mkubwa.

Kazi iko kwenye dawa. Haloperidoli (ya kuchanganyikiwa), amitriptilini (ya sonona) na kabamazepini (ya kifafa na ya kutuliza hisia) ni za siku nyingi, na hizo ndizo rahisi kuzipata. Fluoksetini, ya sonona, nayo si ngeni. Lakini kama unatumia venlafaksini (ya sonona), kwetiapini (ya kuchanganyikiwa) au sindano za kisasa za kila mwezi, usije ukitegemea kuzikuta rafuni. Mwambie daktari wako wa huko, miezi kadhaa kabla ya safari, kwamba unahama, na mjadili kama inafaa kubadili dawa wakati bado anakuona. Venlafaksini ikikatika ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na hasira zisizo na sababu, na nyumbani watasema mzee amerudi na mashetani.

Wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, wawe makini zaidi. Kiwango chake kwenye damu hulengwa kati ya 0.6 na 1.0 mmol kwa lita, na kwa wazee mara nyingi chini kidogo. Hakikisha kwanza ni maabara gani itakupima. Jasho la joto letu na kuharisha hupandisha kiwango hicho hadi kikawa sumu. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, pia hukipandisha, na huku kila mwenye goti linalouma anameza diklofenaki! Mwenye duka la dawa hatakuuliza kama unatumia lithiamu. Mwambie wewe.

Halafu malaria. Meflokini, ambayo baadhi ya wasafiri hupewa kama kinga, haifai kwa mtu aliyewahi kuugua sonona au kuchanganyikiwa. Na ukiandikiwa dawa ya mseto ya malaria huku unatumia sitalopramu, ambayo ni ya sonona, mtajie daktari, kwa sababu zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Diazepamu na jamii yake, yaani dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, zinadhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa mwaka 1971, kwa hiyo safiri nazo kwenye pakiti zake, pamoja na cheti na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara. Uingereza, daktari wa familia kwa kawaida hukupa dawa za miezi 3 tu unapohama, na Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu ya huku. Mahesabu ya pensheni yaanzie hapo.

Weka pia akiba ya mwezi mzima. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na mikoa yetu ikabaki kisiwa.

Akiba hiyo isiletwe kwenye kontena la makochi na friji. Dawa nyingi zimeandikwa zisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25 au 30, na kontena lililoachwa juani bandarini hupita hapo kabla ya saa sita mchana. Beba vidonge kwenye begi la mkononi, na ukifika usiviweke dirishani.