Mgonjwa wa Kiharusi Hajaishiwa Akili, na Dhana Nyingine Zinazonichosha

"Usimuulize yeye, daktari, akili zimeshahama." Naambiwa hivi na watu wanaompenda mgonjwa kwa dhati, tena mgonjwa mwenyewe akiwa ameketi hapohapo anasikia kila neno. Kazi yangu ni tiba ya usemi na lugha, na kama ningepewa nafasi ya kufuta dhana moja tu, ningeifuta hiyo.

Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo: takriban asilimia 95 ya wanaotumia mkono wa kulia, na kiasi cha asilimia 70 ya wanaotumia wa kushoto. Kiharusi kikipiga upande huo, mtu anaweza kupata afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa kutumia lugha, na humpata karibu theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi. Kinachoumia ni mtandao wa kutafuta maneno, kuyapanga na kuyaelewa. Kumtambua mjukuu, kujua njia ya kurudi nyumbani, kukumbuka nani anakudai, kuona kwamba unadharauliwa, hayo yanaendeshwa kwa kiasi kikubwa na mitandao mingine. Ni kweli kiharusi kinaweza kugusa pia kumbukumbu au umakini, lakini hilo hupimwa, halikisiwi kwa sababu tu mtu kashindwa kujibu.

Nikimwonyesha mgonjwa wa aina hii sega, anaweza kusema "kijiko." Hapohapo anakunja uso, anatikisa kichwa, ananinyang'anya sega na kuchana nywele. Anajua kitu ni nini, anajua amekosea, na anajua nimemwona akikosea. Mtu asiye na akili hasononeki namna hiyo.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca, huko Paris, alimpima Leborgne, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibu karibu kila swali kwa "tan, tan," ila akiudhika aliweza kutoa tusi. Broca aliandika kwamba mtu huyo alielewa karibu yote aliyoambiwa. Vissarion Shebalin, mtunzi wa muziki wa Urusi, alipata afasia kali baada ya kiharusi, na mwaka 1962 akakamilisha simfoni yake ya tano.

Lile tusi la Leborgne linanileta kwenye shutuma inayonikera zaidi: "Anajifanya. Kutukana anaweza, kusali anaweza, iweje ashindwe kuomba maji?" Sala, matusi, salamu, kuhesabu moja hadi kumi ni maneno yaliyozoeleka hadi yakaganda, hutoka mkupuo mmoja, na upande wa kulia wa ubongo unaonekana kusaidia. Kuomba maji kunataka uchague neno, ulipange na ulitamke upya kila mara. Ndipo palipobomoka.

Kuna pia wanaoongea kwa ufasaha lakini maneno hayana maana. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliwaeleza mwaka 1874. Hawa ndio husingiziwa kichaa, kwa sababu wanamiminika bila kutambua kwamba hawaeleweki. Hata hawa, waonyeshe kwa ishara, picha na vitendo, utashangaa ni mangapi wanayaelewa.

Sasa ushauri ambao wanafunzi wangu wameshachoka kuusikia: zima televisheni. Kaa mbele ya mgonjwa, sema sentensi fupi, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia neno. Usipige kelele, hajawa kiziwi. Weka karatasi na kalamu karibu, uliza maswali ya ndiyo au hapana, na umwonyeshe kidole gumba juu na chini, kwa sababu wapo wanaosema "ndiyo" huku kichwa kinakataa. Amini kichwa kwanza, halafu hakikisha.

Mengine nitayapitia haraka. Miezi sita ikipita si mwisho wa kupona: kasi kubwa huwa mwanzoni, ila mazoezi huleta nafuu hata baada ya miaka. Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto kuongea. Hesabu maneno ya lugha zote mbili pamoja, na akizichanganya mwache. Kukata kijinyama chini ya ulimi hakumpi maneno mtoto asiyeongea. Mpime kusikia kwanza, tafadhali, wembe uwekwe chini. Kigugumizi nacho hakisababishwi na kushtuliwa wala kumwiga mwenye kigugumizi. Mara nyingi kiko katika ukoo, na watoto wengi hukiacha wenyewe.

Iliyobaki ni ile ya "kachoka tu, mwacheni alale." Mtu mzima aliyeanza ghafla kuvuruga maneno hapelekwi kitandani, anapelekwa hospitali sasa hivi, hata kama maneno yamerudi baada ya dakika chache. Kwa kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi ni mara ya mwisho alikuwa anaongea sawasawa saa ngapi, kwa hiyo itazameni saa kabla hamjatafuta gari.