Msaada wa malezi kwa mama mwenye saratani: maana yake kwa familia za Kilatino Marekani

Msaada wa malezi kwa mama mwenye saratani ni huduma inayomsaidia mgonjwa kuendelea kuwa mzazi wakati anatibiwa. Daktari anashughulika na uvimbe. Huduma hii inauliza mambo mengine: nani atampeleka mtoto shule siku ya kemo (matibabu ya dawa kali za saratani), mtoto wa miaka 6 aambiwe nini nywele za mama zikianza kunyonyoka, na afanyeje mama ambaye mwanawe hataki kutoka nyumbani kwa kuogopa kumwacha peke yake.

Kwa akina mama wa Kilatino nchini Marekani, yaani wenye asili ya Meksiko, Guatemala na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, wengi wao wakizungumza Kihispania, hitaji hili ni kubwa. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62. Saratani ya matiti ndiyo inayoua wanawake wao wengi kuliko saratani nyingine yoyote, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imefika mbali kuliko kwa wanawake Wazungu. Wengi hawana bima ya afya, wengine hufanya kazi ambazo siku usipofika hulipwi, na bibi ambaye angeshika watoto yuko Meksiko au Guatemala.

Kisha kuna ukimya. Katika familia nyingi za Kilatino, mama ndiye nguzo ya nyumba, na nguzo haitakiwi kuyumba mbele ya watoto. Kwa hiyo anaficha. Analia bafuni, anasema ana mafua tu. Ukimya huo unatokana na upendo, na mtu anayemkaripia mama kwa sababu ya ukimya huo hajamwelewa. Lakini mtoto anaona kila kitu, na asipoelezwa hujitungia maelezo yake. Mdogo huamini mama ameugua kwa sababu yeye mtoto alimkosea. Mwingine huogopa kumkumbatia asije akaambukizwa.

Hapo ndipo msaada wenyewe unapoanza: kumpa mama maneno. Kwa mfano: “Nina ugonjwa unaoitwa saratani. Si wewe uliyeusababisha. Hauambukizi, njoo unikumbatie. Siku za dawa nitachoka sana, na shangazi atakuja kukuchukua shule.” Ni sentensi fupi, za kweli, na hazimwahidi mtoto kwamba mama atapona, maana hakuna anayeweza kuahidi hilo.

Mpango mmoja unaojulikana katika kazi hii ulianzishwa na Frances Marcus Lewis wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kwa akina mama wenye saratani ya matiti na watoto wa shule. Ni vikao 5. Mama anajifunza kwanza kutuliza moyo wake, halafu kumsikiliza mtoto bila kukimbilia kumfariji wala kumfundisha. Kusikiliza huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana, maana mzazi akiona machozi ya mwanawe hutaka kuyafuta papo hapo. Utafiti wa mpango huo uliofanywa katika majimbo 6 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba huzuni ya akina mama ilipungua, na watoto nao wakanufaika.

Kuutafsiri mpango wa namna hii kwa Kihispania hakutoshi. Baba, bibi na shangazi lazima wahusishwe, kwa sababu ndani ya nyumba hizo mtoto analelewa na wengi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaoitwa promotoras, wanawake wa mtaa uleule, hufaa sana, kwa kuwa wanaweza kumfuata mama nyumbani jioni baada ya kazi.

Jambo moja zaidi halipaswi kupuuzwa. Mtoto wa miaka 10 anayejua Kiingereza hukalishwa kati ya daktari na mama ili atafsiri, na hivyo anakuwa wa kwanza kusikia kwamba saratani imesambaa. Tangu mwaka 2016, kanuni ya serikali ya Marekani inazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Inawahusu pia wakimbizi wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili huko: mkalimani ni haki ya mgonjwa, na halipiwi.