Bati nene halikuwa kinga

Wapenzi wa magari ya Marekani ya miaka ya 1950 husema yale ndiyo yalikuwa magari ya chuma kweli, yakigongana na gari la leo, la leo ndilo linaloisha. Nayapenda mno magari hayo. Chevrolet Bel Air ya 1959, na mapezi yake ya nyuma yaliyolala kama mabawa ya popo, ilichorwa kwa ujasiri ambao siuoni siku hizi. Lakini dai lenyewe si kweli.

Mwaka 2009, IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Bel Air hiyo na Chevrolet Malibu ya 2009, pua kwa pua upande wa dereva, kila moja ikienda karibu kilomita 64 kwa saa. Sehemu ya abiria ya Bel Air iliporomoka. Dashibodi ilirudi nyuma na usukani ukamfuata mwanasesere wa majaribio pale alipokaa. Yule wa Malibu angeumia mguu tu. (Wapo waliodai Bel Air ilitolewa injini kwanza, ilikuwa nayo.)

Kinachookoa maisha ni pua kukunjika na kumeza nguvu ya mgongano, huku sehemu ya abiria ikibaki imara. Bel Air ilikaa juu ya fremu ya umbo la X, isiyo na mihimili ya pembeni, na chuma cha usukani wake hakikukunjika. General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, ilianza kuweka chuma cha usukani kinachokunjika kwenye magari ya 1967, na mikanda ikawa lazima kisheria kwa magari mapya mwaka 1968.